Maswali Yenu: Mchezo Ambao Hakuna Aliyeuona Bado

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia jambo moja: michezo mipya ya kuigiza katika kumbi za miji yenu. Nimefurahi kweli. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa msimamizi wa jukwaa, nikikaa gizani pembeni, mswada mapajani, nikitoa ishara ya taa na ya pazia. Michezo mipya ndiyo iliyonichosha kuliko yote, na ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Barua nyingine nimezifupisha, mniwie radhi.

Shangazi, mimi na mwenzangu hupenda kwenda ukumbini, lakini hatuelewani. Mimi nataka michezo ninayoijua, ile tuliyoisoma tangu shuleni. Yeye anataka mipya tu. Mara ya mwisho nilikubali kwa sababu mwigizaji mkuu ni mtu tunayemjua kwa vichekesho. Kumbe ni kisa cha ndugu wawili wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao, na hakuna hata mahali pa kucheka. Nilirudi nimenuna. Kwa nini nitoe pesa kwa kitu ambacho hakuna anayejua kama ni kizuri? — Mwenye Shaka

Mwenye Shaka, hukuwa wa kwanza kununa. Oktoba 1896, mjini St. Petersburg, mchezo wa Anton Chekhov uitwao Shakwe ulionyeshwa kwa mara ya kwanza. Usiku huo ulikuwa umetengwa kumuenzi mwigizaji mmoja wa vichekesho aliyependwa sana pale. Mashabiki wake wakajaa ukumbini, tayari kwa kicheko. Mwenyewe hata hakuwamo katika mchezo ule. Walipoona mbele yao watu wenye huzuni wanaongea polepole kando ya ziwa, walizomea, wakacheka pasipo na kichekesho. Chekhov aliondoka kwenye kiti chake kabla pazia la mwisho halijafungwa, akaapa kwamba hataandika tena mchezo.

Mwaka 1898, mwezi wa Desemba, mchezo ule ule ulipandishwa jukwaani mjini Moscow na kikundi kipya cha waongozaji Stanislavski na Nemirovich-Danchenko. Safari hii watu walishangilia, na ukumbi ule ukamchukua shakwe kuwa nembo yake. Waigizaji walikuwa wamefanya mazoezi ya kutosha, hilo ni kweli. Lakini pia watu waliokaa vitini hawakuwa wamekuja kumtazama mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla hujanunua tiketi ya mchezo mpya, usiishie kwenye sura iliyo katika bango. Soma jina la mtunzi. Soma ile mistari miwili mitatu inayoeleza kisa. Uliza dirishani: ni wa kuchekesha, ni wa huzuni, una muda gani, una mapumziko? Wauza tiketi wengi wameshaona sehemu ya mazoezi na watakuambia kweli ukiwauliza kwa adabu.

Sasa swali lako lenyewe, kwa nini utoe pesa. Mchezo unaoujua unauangalia huku ukiupima: huyu mfalme ni bora kuliko yule wa zamani, hapa wamekata mistari, pale wameongeza ngoma. Ni raha, siipingi. Ila katika mchezo mpya huna cha kupimia. Wale ndugu wawili waligombana mbele yako na hukujua nani atabaki na nyumba, wala mtu wa kiti cha pili hakujua, wala yule profesa wa safu ya mbele. Mko sawa nyote. Naomba unijibu kwa barua: ulipofika nyumbani umenuna, wewe na mwenzako mliongea kuhusu nini? Kama mlibishana nani alikuwa na haki ya ile nyumba, basi pesa yako haikupotea.

Dada, nimeona ukumbi wetu unauza tiketi za "maonyesho ya awali" kwa bei nafuu, kisha bei inapanda baada ya usiku wa uzinduzi. Je, yale ya awali ni mchezo mbovu ambao haujaiva? Niende lini? — Mpenda Bei Nafuu

Nenda kwenye ya awali. Kisha, ukiweza, rudi kabla mchezo haujafunga.

Nikueleze kinachofanyika, maana wengi hawakioni. Mchezo mpya hufanyiwa mazoezi kwa wiki kadhaa katika chumba kitupu, sakafu imebandikwa utepe kuonyesha ukuta uko wapi na mlango uko wapi. Halafu unahamia ukumbini, taa na maleba vinaongezwa, na bado kuna kitu kimoja ambacho mwongozaji hawezi kukipata popote hadi milango ifunguliwe, nacho ni nyinyi. Maonyesho ya awali yapo kwa ajili hiyo. Wahakiki hawajaalikwa bado. Mtunzi anakaa safu ya nyuma kabisa na penseli. Watu hudhani anaandika mahali mnapocheka. Watunzi hodari niliofanya nao kazi waliandika zaidi mahali mnapojigeuza kitini. Kicheko kinaweza kuja kwa sababu mwigizaji amekunja uso vizuri, lakini watu mia wakijigeuza kwa pamoja, tatizo ni maandishi.

Asubuhi yake karatasi mpya zinagawiwa. Mwigizaji anaambiwa maneno yake ya onyesho la pili yamebadilika, yale uliyoyakariri kwa mwezi mzima yasahau, na usiku huo huo anayasema mbele ya watu. Ndiyo maana mswada wa msimamizi wa jukwaa kipindi hicho huandikwa kwa penseli tupu. Ishara ya taa iliyokuwa juu ya neno fulani leo, kesho neno lenyewe halipo.

Nakumbuka mchezo mmoja ambamo mjane anapanga nguo za mumewe aliyefariki. Mtunzi alikuwa amempa maneno mazuri sana kuhusu upweke, yalijaza karibu nusu ukurasa. Mama aliyeigiza sehemu ile aliyasema vizuri, lakini mikono yake ilikuwa na shughuli nyingine: anakunja shati, anagundua kifungo kimelegea, anatafuta sindano ili akikaze, kisha anasimama na ile sindano mkononi kwa sababu shati halina mwenyewe tena. Onyesho la kwanza la awali, watu walimtazama mikono, maneno yakawapita. La pili, vile vile. Siku ya tatu mtunzi alifuta ile nusu ukurasa yote. Hakubakiza hata neno. Alinikabidhi karatasi yenye mstari mrefu wa penseli kutoka juu hadi chini, na pembeni ameandika: "Sindano inatosha." Usiku ule ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba nilichelewa kutoa ishara ya taa makusudi, nikaiacha sekunde chache zaidi. Waliokuja baada ya uzinduzi hawajui kwamba maneno yale yaliwahi kuwapo. Watazamaji wa siku mbili za mwanzo ndio waliomwonyesha mtunzi, na hakuna aliyewaeleza kuwa wamefanya hivyo.

Kuhusu ubovu: ndiyo, usiku wa awali mlango wa jukwaani unaweza kugoma, taa ikachelewa, mchezo ukarefuka kuliko ilivyotangazwa. Yaweza hata kusimamishwa kwa muda wakatengeneza kitu. Ukiona hivyo usigune. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na bei nafuu uliyolipa imezingatia hilo.

Mimi siendi popote kabla sijasoma maoni ya wahakiki magazetini. Kuna ubaya? — Msomaji wa Magazeti

Hakuna ubaya, kuna hatari. Mei 1958, mchezo wa Harold Pinter uitwao The Birthday Party ulifika London katika ukumbi wa Lyric, Hammersmith. Magazeti mengi yaliuponda. Ulifungwa baada ya wiki moja tu, Jumamosi. Jumapili yake, Harold Hobson wa gazeti la Sunday Times akatoa makala ya kumsifu Pinter kama kipaji kikubwa kabisa. Vizuri sana, ila wa kwenda kuuona hakuwa na pa kwenda, mchezo umekwisha. Leo unaigizwa duniani kote, na Pinter alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2005. Walioutazama wiki ile ni wale waliokwenda bila kusubiri kuambiwa.

Mhakiki mzuri hata hivyo ni neema kwa mji. Desemba 1944, siku moja baada ya Krismasi, yaani tarehe 26, mchezo wa Tennessee Williams, The Glass Menagerie, ulifunguliwa Chicago. Mtunzi alikuwa bado hana jina, baridi ilikuwa kali, tiketi hazikwenda, na wenye mchezo walikuwa wanafikiria kuufunga. Claudia Cassidy wa Chicago Tribune aliusifu, akarudi kuuona tena, akaendelea kuuandika. Mwenzake Ashton Stevens naye akafanya hivyo. Watu wakaanza kuja, hadi ukumbi ukajaa. Machi 1945 mchezo ukahamia New York na kumpa Williams jina. Watu wa Chicago ndio waliouokoa, na waliuokoa kwa kununua tiketi wakati bado haujulikani.

Pendekezo langu: chagua mhakiki mmoja ambaye maoni yake umeyapima mara kadhaa, hata kama hukubaliani naye, na msome baada ya kutoka ukumbini. Utamfaidi zaidi.

Shangazi, ukumbi wetu umetangaza "usomaji wa mchezo mpya", kiingilio bure, na baadaye mazungumzo na mtunzi. Nilihudhuria mara moja, waigizaji wamekaa vitini wanasoma karatasi, hakuna maleba. Mwishoni tukaulizwa maoni, mimi nikanyamaza kwa kuogopa kuonekana mjinga. Mtu kama mimi, fundi cherehani, aseme nini mbele ya watunzi? — Mshona Nguo

Mshona Nguo, barua yako ndiyo iliyonifanya nitenge kurasa zote hizi kwa mada hii.

Usomaji hufanywa wakati mchezo bado ni mbichi kabisa, ili mtunzi ausikie kwa sauti za watu wengine. Hapo hakuna taa ya kumsitiri wala nguo za kupendeza macho. Maneno yakiwa dhaifu yanasikika dhaifu. Mtunzi anayekaribisha watu wakati huo ametoka uchi, na anachohitaji kwenu hakihusiani na elimu ya fasihi.

Usimwambie namna ya kuurekebisha. Hiyo ni kazi yake, na watu kumi wakimpa njia kumi atarudi nyumbani amechanganyikiwa. Mwambie kilichokupata wewe: "Hapa nilipotea, sikujua huyu ni mke au dada." "Hapa nilitaka sana yule mzee ajibu, hakujibu, nikakasirika." "Sehemu ya pili nilianza kuwaza mambo yangu." Hiyo ya mwisho inauma kuisikia, lakini ni dhahabu. Iseme kwa upole, na utaje ni wapi hasa.

Tena wewe una kitu ambacho wengine hawana. Kama katika mchezo kuna fundi cherehani, wewe ndiye mtaalamu mle ndani. Mwaka 1977 huko Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walitayarisha mchezo kwa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, pamoja na wanakijiji, wengi wao wakulima na wafanyakazi. Mazoezi yalifanyika hadharani. Waliokuja kutazama walisahihisha: mzee haongei hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo. Masahihisho yakaingia katika mchezo, na jukwaa lenyewe lilijengwa na wanakijiji. Serikali iliupiga marufuku baada ya wiki chache, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, jambo linaloonyesha jinsi maneno yale yalivyogusa. Wale wazee na kina mama hawakuuliza kama wana kibali cha kusema. Walijua maisha yao, basi.

Kwa hiyo safari ijayo, mwigizaji akishika mkasi kama anayekata karatasi, inua mkono umwambie. Mtunzi atakushukuru, na kama hakushukuru, niandikie mimi.

Niliuona mchezo mpya wenye mwisho mbaya: mke anawaacha watoto na kuondoka, pazia linafungwa. Nilikasirika sana. Je, ni sawa nimwandikie mtunzi abadilishe? — Mama wa Watatu

Mwandikie kwamba umekasirika, na umweleze kwa nini. Kuomba abadilishe ni jambo lingine.

Hasira yako ilimkuta Henrik Ibsen kabla yako. Mchezo wake wa mwaka 1879, A Doll's House, ulioonyeshwa kwanza Copenhagen, unamalizika kwa Nora kufunga mlango na kuacha mume na watoto. Mwigizaji mmoja maarufu wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kuuigiza mwisho ule, akisema yeye asingewaacha watoto wake kamwe. Sheria za wakati huo hazikumlinda Ibsen kule Ujerumani, mtu yeyote angeweza kumwandikia mwisho wake. Akaamua aandike mwenyewe mwisho wa pili, ambamo Nora anaongozwa hadi mlangoni mwa chumba cha watoto na miguu inamwishia nguvu, anabaki. Ibsen mwenyewe aliuona mwisho huo kuwa ni ukatili uliofanyiwa mchezo wake. Haukudumu. Kinachoigizwa hadi leo ni mlango unaofungwa.

Nadhani haukudumu kwa sababu uliwatuliza watu mapema mno. Wewe, Mama wa Watatu, umeandika kurasa tatu kwa mkono kuhusu mwanamke ambaye hayupo. Unawahofia watoto wake, unauliza watalelewa na nani. Mtunzi akikupa jibu, utafunga barua na kulala. Sitaki kukulazimisha uupende mwisho ule, hasira yako ni halali na naiheshimu. Lakini naomba umpelekee mtunzi hizo kurasa tatu kama zilivyo, kasoro ombi la kubadilisha. Kumbi nyingi hupokea barua za mtunzi na kumfikishia. Ni chache sana zinazofika zenye uzito kama yako.

Je, ni utovu wa adabu kuondoka wakati wa mapumziko? — Mwenye Haraka

Hapana, ndiyo kazi mojawapo ya mapumziko. Utovu wa adabu ni kuondoka katikati ya onyesho ukipita mbele ya watu, isipokuwa umeugua. Mimi binafsi hubaki, kwa sababu michezo mipya mingi huficha kitu chake bora sehemu ya pili. Na simu uizime kabisa, si kuiweka kimya. Mwanga wa kioo chake waigizaji wanauona kutoka jukwaani kuliko unavyodhani.

Dada, baba yangu amezeeka, masikio yamepungua nguvu. Zamani alipenda sana michezo. Ile ya zamani anaikumbuka hivyo anaifuata hata asiposikia vyema. Mpya naogopa atakaa tu kama gogo, aone aibu. Nifanyeje? — Binti Yake

Mpeleke. Ila kuna mambo ya kuandaa.

Kwanza, kiti. Epuka viti vilivyo chini kabisa ya roshani, sauti hufifia pale. Safu ya tatu hadi ya sita, karibu na katikati, ataona midomo ya waigizaji, na mtu mwenye usikivu hafifu husoma midomo bila hata kujua anafanya hivyo. Safu ya kwanza kabisa si nzuri, atakuwa anatazama juu muda wote na shingo itamuuma.

Pili, maneno. Faida moja ya michezo mipya ni kwamba kumbi kadhaa huchapisha mswada na kuuuza siku za maonyesho. Ukumbi wa Royal Court wa London, unaojulikana kwa watunzi wapya tangu mwaka 1956, umekuwa na desturi hiyo kwa muda mrefu. Kama ukumbi wenu hauuzi, omba nakala ya kusoma kwa ajili ya mzee mwenye tatizo la kusikia, ueleze hivyo hivyo wazi. Wengine watakataa kwa sababu mtunzi bado anabadilisha, na hapo omba angalau muhtasari wa maonyesho, nani ni nani na nani ni ndugu wa nani. Msomee jioni kabla, acha ukurasa wa mwisho tu.

Katika hili naenda kinyume na nilichomshauri Mpenda Bei Nafuu. Usimpeleke baba kwenye maonyesho ya awali, maana maneno aliyosomewa yanaweza kuwa yamebadilika kufikia usiku. Chagua wiki ya pili baada ya uzinduzi, onyesho la mchana kama lipo, watu wakiwa wachache na yeye hajachoka.

Tatu, uliza kama wana vifaa vya kusaidia kusikia. Kumbi nyingi za siku hizi wanavyo, vya kuvaa masikioni, au mfumo unaotuma sauti moja kwa moja kwenye mashine ya masikio kama baba anaitumia. Nyingine huwa na maonyesho maalumu ambapo maneno yanaandikwa kwenye kioo kando ya jukwaa. Uliza siku unayonunua tiketi, si usiku wenyewe, kwani vifaa hivyo huwa vichache na hutolewa kwa aliyetangulia. Mkifika, fikeni nusu saa kabla, avijaribu akiwa amekaa kwenye kiti chake, na kama havifanyi kazi umwite mhudumu kabla taa hazijazimwa.